Walinipa Kiti

Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, hilo silikatai. Kilikuwa cha mbao nzito, kina mikono na mto wa kitambaa chekundu, na kwenye egemeo walikuwa wameandika kwa rangi ya magari: PEREZIDA. Wakakiweka kivulini, pembeni ya ua wetu wa kunyanyulia vyuma nyuma ya gereji, mtaa wa Biryogo, Kigali, wakanishika mikono huku na huku kama biharusi, wakanikalisha. Kisha wakapiga makofi. Sikuwa nimefikisha hata miaka thelathini. Mbele yangu kililala chuma nilichokiunga kwa mikono yangu mwenyewe, ekseli ya lori lililokuja kufia kwetu kutoka Mombasa, na flaiweli, yale magurudumu mazito ya injini, kila upande. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wale wote namna ya kukishika. Sasa nilikuwa nimepewa kazi ya kukitazama.

Nieleze nilivyofika kwenye kiti hicho. Mimi ni fundi wa injini za malori. Utotoni niliugua homa ya viungo, ikaondoka, tukaisahau, yenyewe haikunisahau. Mwaka wa 1990, kabla tu ya vita kuanza kule mpakani, nilianguka chuma kikiwa mabegani. Daktari akasikiliza kifua changu kwa muda mrefu, kisha akasema valvu moja ya moyo imeharibika, haifungi, damu inarudi ilikotoka. Hakuwa na haja ya kunichorea picha. Valvu isiyofunga naijua, nimezitoa kwenye injini nyingi, na najua gari lenye ugonjwa huo linavyokata pumzi mlimani. Baada ya mahangaiko ya ndugu na ya watu wema ambao sitamaliza kuwashukuru, nilipelekwa Ubelgiji, nikapasuliwa, nikawekewa valvu ya kutengenezwa. Nilirudi Kigali mwaka wa 1992 nikiwa na kovu kutoka shingoni hadi karibu na kitovu, na dawa ya kulainisha damu ya kumeza maisha yangu yote.

Daktari aliyenipasua alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza ninafanya kazi gani na ninacheza mchezo gani. Nikamwambia. Hakushtuka. Alisema mfupa wa kifua ukishaunga nianze kutembea, kisha kupanda vilima, kisha vyuma vyepesi, niongeze taratibu. Nisizuie pumzi ninaponyanyua, nisishindane na mtu, nisijigonge, maana damu yangu haitaganda upesi. Daktari wangu wa Kigali, aliyenipima mara kwa mara, alirudia hayo hayo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema nikae. Injini ikishabadilishwa valvu huiachi ikiunguruma uani mpaka ishike kutu. Unaitoa barabarani, polepole mwanzoni, halafu unaipa mzigo. Maneno hayo niliwaeleza watu wa mtaa, watu waliokulia kati ya malori, na wote walinitazama kwa huruma wakaniambia nipumzike.

Mtaa wetu una adabu, na adabu ile karibu iniue. Kwetu mgonjwa ni wa wote. Akirudi kutoka hospitali kila nyumba lazima ije, kila anayekuja lazima aje na kitu, na akishakuja anakaa, anakutazama, anasema *wihangane*, yaani vumilia, na anakusimulia habari za mtu mwingine aliyekuwa na ugonjwa kama wako, ambaye siku zote mwishowe alikufa. Nilikunywa maziwa ya mtaa mzima. Nikaja kutambua kwamba mtu aliyeuguzwa na watu wengi namna ile hawezi kupona bila idhini yao, na idhini yenyewe hakuna anayejua huombwa kwa nani.

Halafu kulikuwa na ule mlio. Valvu yangu inalia. Chumba kikinyamaza unaisikia, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyo chumba cha pili. Wageni waliisikia, na kabla ya Ijumaa kufika habari ilikuwa imeenea kwamba nimewekewa saa kifuani. Saa ina springi, na springi ikikazwa mno hukatika. Kwa hiyo nisikimbie, nisibebe kitu, nisikasirike. Watu wazima, wanaosali, walinisihi nisicheke kwa nguvu. Jirani yetu mmoja, mama mwema aliyeuza vitenge, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani anayenitia ufunguo. Nilimjibu vibaya. Mama yangu akanituma kumwomba radhi, nikaenda nikaomba, na hasira ikabaki pale pale.

Mama ndiye aliyekuwa mlinzi wangu mkuu. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Kigali, akabaki mjane, na nyumbani tulikuwa sisi wawili tu, maana mdogo wangu alikuwa anafanya kazi Bujumbura. Nikishika bidoni la maji, hata kama nilidhani yuko jikoni, alitokea. "Weka chini, mwanangu." Hakupaza sauti. Alilichukua mwenyewe, akalibeba huku mgongo umepinda, mbele ya watu, na watu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi, kuona kama ninapumua sawasawa. Nani asingekasirika? Mwanaume na mikono yake anasimama mlangoni, na mama yake anapita na maji.

Nikaanza kutembea. Niliteremka mpaka Nyabugogo na kupanda kurudi, na yeyote anayeijua njia ile anajua kwamba hata mtu mzima wa afya anapanda huku akitukana kimoyomoyo. Mwanzoni nilisimama kila baada ya kona. Nikisimama tu, mlango unafunguka, mtu anatoka na kigoda. Sikuwahi kujua kwamba mji wa Kigali una vigoda vingi namna ile. Nikikataa wanaudhika, nikikubali wanakaa nami kunihadithia yule marehemu wao. Ilinibidi nibadilishe njia, nipite mitaa nisikojulikana, kama mwizi, ili niweze kutweta kwa amani.

Siku moja nilikuwa kwenye gari la abiria kutoka Kicukiro, tukasimamishwa kwenye bariyeri. Askari walitaka magunia ya maharage yaliyokuwa juu ya gari yashushwe yakaguliwe. Mmoja alitupitia kwa macho, akaninyooshea kidole mimi na kijana mwingine mwenye kifua kipana. Sijui kama nitaeleweka. Siku zile mtu akinyooshewa kidole na mwenye bunduki, aliogopa, kwa sababu kuna waliotolewa kwenye mistari na kitambulisho chao mkononi na hawakuonekana tena. Mimi nilifurahi. Huyu mtu hakujua habari zangu. Aliona mwanaume mwenye mabega, akampa kazi. Nilikuwa nimeshashika pembe mbili za gunia, mwenzangu pembe nyingine, nilipomsikia jirani yangu mmoja ndani ya gari akimwambia askari kwa Kinyarwanda kwamba yule amepasuliwa moyo, amwonee huruma. Askari akaniambia nifungue vifungo vya shati. Akaliona kovu. Akanishika kiwiko akanirudisha kwenye kiti changu taratibu, na bunduki yake akaihamishia bega jingine ili isinigonge. Jirani alitegemea nimshukuru. Nilitazama nje ya dirisha mpaka Nyamirambo.

Baada ya hapo nilikwenda kwa rafiki yangu mwenye gereji. Ule ua wa vyuma tuliuanzisha pamoja, na kile kiti cha perezida kilikuwa wazo lake. Nilimwambia kifua changu kimeunga, daktari ameridhika, naomba nianze na ekseli tupu bila flaiweli. Nilimweleza habari ya kutozuia pumzi, nikamwonyesha kwa mikono mitupu namna nitakavyopumua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafuta bisibisi moja ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ndugu yangu," akasema, "siku ile mimi ndiyo nilikuokota pale chini. Macho iko wazi na hakuna mutu ndani. Ukianguka tena hapa kwangu, mama yako nitamwambia nini?"

Nikamjibu kwamba atamwambia nilikuwa nasimama. Lilikuwa jibu la hasira, na najua lilimuumiza, lakini nilichoka kuwa mzigo kwenye ndoto za watu wengine. Kila mtu alikuwa na siku yake aliyoniona ninakufa, na kila mtu alitaka nikae kitako ili siku hiyo isirudi. Hakuna aliyeniuliza mimi niliona nini siku hiyo. Sikuona kitu. Mimi siku yangu mbaya ilikuwa ile ya kiti.

Akasema nimpe muda kidogo, atazungumza na wenzetu. Wakazungumza. Juma lililofuata wakaniita. Walikuwa wameninyooshea bomba, na kila upande wamelichomeka kwenye kopo la rangi lililojazwa saruji, namna ile tuliyotumia wenyewe zamani kabla hatujapata flaiweli. Makopo yalikuwa makubwa. Moyo wangu, saa au si saa, uliruka. Nikasimama, nikatanua miguu, nikashika, nikatoa pumzi, nikanyanyua.

Bomba likapaa. Likapita kifua, likapita kichwa, mikono yangu ikafika juu hata kabla sijamaliza kuitoa ile pumzi, na wao wakapiga makofi. Mikono ya mtu aliyenyanyua chuma tangu ujana haidanganywi. Nililishusha chini, nikachukua nyundo kwenye meza ya gereji, nikapiga kopo moja. Saruji ilikuwa ganda tu la juu, unene wa chapati. Chini yake ukamwagika unga wa mbao, mwepesi, mkavu, ukanijaa viatuni. Wamekaa siku nzima, wanaume wazima, wakishindilia unga wa mbao kwenye kopo na kuusakafia juu kwa mwiko ili mimi nijione nina nguvu.

Wengine walitazama chini. Rafiki yangu akasema, "Tulitaka ufurahi." Mpaka leo sijasikia neno lililonichoma kuliko hilo. Mtoto ndiye hupewa gari la kopo aendeshe huku watu wanamchekea. Nilimwambia hivyo, nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika, nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia mmoja anawaambia wenzake kwamba ndiyo maana walikatazwa kunikasirisha.

Nikaanza peke yangu, nyumbani, asubuhi mama akiwa sokoni. Nilikuwa na gia kuukuu za lori, na nusu ya ekseli iliyokatika. Nilianza na kidogo, kidogo kweli, kitu ambacho zamani nisingeinamia. Nilihesabu kwa sauti kila nilipopandisha, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi. Mikono ikakumbuka kabla ya miguu. Kovu liliwasha. Nikijigonga hata kidogo, ngozi inavilia damu na kuwa zambarau kama bilinganya, kwa hiyo nilijifunga matambara mapajani. Siku nyingine nilikaa chini nikaogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wote walikuwa wananisubiri niogope. Taratibu nikaongeza gia. Kilima cha Nyabugogo nikakipanda bila kusimama. Daktari akanisikiliza kifua, akatabasamu, akasema niendelee hivyo hivyo.

Asubuhi moja mama alirudi mapema. Nilikuwa katikati ya zoezi, chuma kiko kifuani, na nilimwona anaingia uani kwa mlango wa nyuma. Nilidhani atapiga kelele. Aliketi kizingitini, akaweka kikapu chake chini, akanitazama mpaka nikamaliza na kuviweka vyuma mahali pake.

"Umemaliza?" akauliza. "Njoo unywe chai."

Hakunikataza tena, siku ile wala siku yoyote. Nilikuwa na furaha mno. Sikumuuliza kwa nini ameondoka sokoni kabla ya watu kununua, na chai yake alipoiacha imejaa kikombe nilidhani ni moto.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka wa 1993. Alisema ni tumbo tu, akaendelea kusema ni tumbo tu, na tulipomfikisha hospitali walituuliza tulikuwa wapi. Mimi nilikuwa nyumba ile ile. Majirani walikuwa wanapita uani kwetu kila siku ya Mungu, wanakaa, wanasikiliza kifua changu kama kinalia sawasawa, naye ndiye aliyewapikia chai.

Sasa nieleze namna tunavyozika. Kutoka msikitini jeneza hubebwa mabegani mpaka makaburini, na kulibeba ni thawabu, kwa hiyo hakuna mtu anayelibeba mwendo mrefu. Unaingiza bega, unakwenda kidogo, aliye nyuma anakugusa, unampisha, unatoka pembeni, unarudi mwisho wa msafara na kuanza tena. Jeneza linasonga kama linaogelea juu ya watu. Kukataa kumpisha aliyekugusa ni uchoyo, kwa sababu unamnyima mwenzako fungu lake kwa Mungu. Ni desturi nzuri. Nimeipenda tangu utoto.

Siku ile waliigeuza rungu. Niliingiza bega langu mbele kulia, mahali pa mtoto mkubwa, na kabla mguu wa pili haujagusa chini niliguswa. "Nipe na mimi, ndugu." Nikatoka, nikazunguka, nikaingia nyuma. Nikaguswa. Nikaingia kushoto. Nikaguswa. Kila aliyenigusa alikuwa na sura ya huzuni na adabu, na nilipoangaza nikaona wamejipanga, wale vijana wa ule ua, karibu nami kila ninapokwenda, wanapokezana kunipokonya. Rafiki yangu ndiye aliyewapa ishara kwa macho. Walinipokonya mama yangu kwa kutumia dini yetu wenyewe, na mimi, kwa kuwa nilifundishwa adabu na yeye aliyekuwa juu ya mabega yao, nilipisha kila mara. Nilizunguka jeneza lile mpaka makaburini na sidhani kama nililibeba urefu wa duka moja.

Ninajua kilichoupata mji ule mwaka uliofuata. Ninajua nani kati ya wale waliogusa bega langu hana kaburi linalojulikana, na rafiki yangu ni mmoja wao. Nawaombea. Lakini sitasema walifanya vyema siku ile kwa sababu tu hawapo kunijibu. Walinipenda vibaya, na hasira yangu kwao nimeitunza, kwa kuwa ni miongoni mwa vitu vichache vyao nilivyobaki navyo.

Kaburini ndipo walipokwama. Maiti wa mwanamke hupokelewa chini na maharimu wake, wale wasiohalalishwa kumwoa, mtoto wake, kaka yake. Baba hayupo, mdogo wangu alikuwa bado njiani kutoka Bujumbura. Tulibaki wawili: mjomba, kaka yake mkubwa, mzee ambaye magoti yalikuwa yamemgomea, na mimi. Nilikwisha kuvua viatu. Mmoja akaanza kusema kwamba mtoto ni mgonjwa, kule chini ni kuinama na kupokea uzito wote kwa mikono, labda sheikh aruhusu mtu mwingine, kuna vijana wenye nguvu hapa. Wengine wakaitikia. Rafiki yangu alishafika ukingoni, amekunja mikono ya kanzu.

Sheikh aliwatazama. "Nani kati yenu ni mwanawe?" akauliza.

Nikateremka, kisha nikamsaidia mjomba kuteremka. Juu yetu wakatandaza shuka la kijani, wakalishika pembe zote, kama ilivyo desturi mwanamke anapozikwa, ili macho ya watu yasimwone. Kukawa na mwanga hafifu wa kijani. Mwaka mzima nilikuwa nimetaka mtaa ule unione ninanyanyua kitu, na sasa hakuna ambaye angeona.

Wakaanza kumshusha. Mjomba alikuwa miguuni, kwa sababu kule ni kwepesi. Mimi nikajipanga katikati na kichwani. Nikatanua miguu, nikakunja magoti, nikaweka mgongo sawa, nikatoa pumzi, kila kitu nilichojifunza uani kwetu peke yangu na gia za lori. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mama yangu, mwanamke aliyekuwa na mwili, aliyebeba maji ya nyumba ile mpaka wiki zake za mwisho. Wakamwachia.

Mikono yangu ikapanda juu yenyewe. Hakukuwa na kitu. Ndani ya sanda kulikuwa na mifupa ya ndege, na mimi nusura nimgonge kwenye shuka kwa nguvu nilizokuwa nimekusanya. Nikasimama pale nimemkumbatia, sielewi tangu lini, ni miezi mingapi ilipita akiisha hivi, mtaa mzima ukiwa umekaa nyumbani kwetu unatega sikio kwenye kifua changu. Mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimemshika. Nikamwambia nimemshika. Juu yetu, nyuma ya shuka, nikamsikia mtu anawauliza wenzake kama mimi niko salama.